Msitu wa Kando ya Barabara

Jina la Komeo alipewa na madereva wa malori, na mwanzoni halikuwa tusi. Alikuwa mkuu wa kituo cha misitu, mwanamke mrefu wa maneno machache, na katika miaka yake ya kwanza pale kizuizini hakikupita kitu. Ukija na gunia la mkaa chini ya viti, analiona. Ukija na mbao zilizofunikwa maboga, ananyanyua boga moja, anachungulia, anakwambia shusha yote. Madereva wakasema yule si mtu, yule ni komeo, na jina likamganda.

Kisha serikali ikaondoa ruzuku ya gesi. Hazina ilikuwa imekauka, sarafu imeporomoka, wakopeshaji wanabisha hodi kila siku, na huko juu ikaamuliwa kwamba gesi ya kupikia ijibebe yenyewe. Haukupita muda mitungi ikawa mapambo majikoni. Jiji zima likarudi kwenye mkaa, na mkaa ulitoka kwenye milima aliyokuwa akiilinda Komeo.

Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi. Mbunge alisimama jukwaani akasema hataki kusikia mwananchi wake akisumbuliwa kwa sababu ya gunia la mkaa. Walimshangilia mpaka vipaza sauti vikakoroma. Kilichofuata hakikusemwa jukwaani. Malori ya shemeji yake yalianza kupita kizuizini, na kila lori lilitanguliwa na simu ya mbunge mwenyewe.

"Komeo, kuna mzigo wangu unakuja hapo. Fungua."

Simu ya kwanza alibisha. Mwisho wa mwezi mishahara ya kituo kizima ikachelewa bila maelezo, na askari wake wakaanza kumtazama kwa jicho la upande. Simu ya pili alifungua.

Msitu ukaliwa kutoka ndani. Barabara kuu ilipita katikati yake na wakubwa walipita na barabara hiyo, kwa hiyo hakuna aliyegusa miti ya kandokando. Msafiri alipita kwenye kivuli kizuri, akashusha kioo cha gari, akavuta hewa, asijue kwamba nyuma ya mistari ile michache ya miti kulikuwa na visiki vitupu na udongo mwekundu unaoteremkia mtoni kila mvua inaponyesha.

Sasa wageni walikuwa wanakuja. Kulikuwa na mfuko wa kimataifa ulioilipa nchi kwa kutunza misitu yake, na nusu ya gharama za kituo zilitoka huko. Mfuko ulikuwa unamtuma mkaguzi. Mkurugenzi wa misitu alitangulia siku moja kabla, akaingia ofisini kwa Komeo, akaketi kwenye kiti cha Komeo.

"Tutapita barabara kuu peke yake," alisema. "Tutasimama kwenye kitalu cha miche, watapiga picha, tutaondoka. Wasiingie ndani hata hatua moja."

"Wakiuliza?"

"Ndani kuna tembo."

"Tembo waliondoka zamani, mkurugenzi."

"Wao hawajui." Alifuta jasho shingoni. Hakuwa mtu mbaya sana; alikuwa mtu aliyekaa ofisini muda mrefu akipokea simu kama zile zile, ila zake zilitoka juu zaidi. "Na nataka waone tunafanya kazi. Tafuta matanuri mawili matatu ya mkaa, yabomolewe, wachomaji wakamatwe. Wawe wamekaa chini pale mbele ya kituo wageni wakifika."

"Malori je?"

Mkurugenzi akamtazama kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa katika nyumba asiyotaka kuingia. "Nimesema wachomaji."

Wachomaji walio karibu walikuwa kwenye bonde la nyuma ya kilima, na mmoja wao alikuwa kaka yake Komeo, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja.

Alimfuata jioni ile, jua likiwa bado halijazama, amevaa kanga juu ya sare. Kaka yake alikuwa amesimama kando ya tanuri lake, tuta refu la udongo lililofunika magogo yanayoungua polepole, moshi mwembamba ukitoka kwenye matundu ya ubavuni. Miaka michache nyuma mtu huyu alikuwa na karakana mjini, akichomelea mageti yanayosifiwa na kila mtu. Chuma kikapanda bei, umeme ukawa wa kukatika kila siku, wateja wakayeyuka. Mashine yake ya kuchomelea sasa ilikuwa uvunguni mwa kitanda.

"Kesho mnakamatwa," Komeo alisema bila salamu. "Ondokeni leo."

"Na wewe hujambo, mdogo wangu."

"Kaka, sitanii."

"Naona. Umevaa kanga yako ya msibani." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likakatika. "Tanuri haliachwi hivi hivi. Limeshika moto jana tu."

"Utachagua. Tanuri au pingu."

Mke wa kaka, wifi yake Komeo, alikuwa ameinama akikoroga sufuria juu ya mafiga. Hakuinua kichwa. "Mwambie dada yako aende akakamate yale malori," alimwambia mumewe, kana kwamba Komeo hayupo pale. "Sisi tunachoma, wao wanabeba. Lakini pingu zinatutosha sisi peke yetu."

"Wifi, nimekuja kuwaokoa."

"Umekuja kutufukuza kwa upole."

Kaka yake Komeo alilizunguka tanuri, akaweka kiganja juu ya udongo kupima joto, akarudi.

"Sikiliza. Nitaziba matundu yote ya hewa. Likikosa hewa litajizima lenyewe, pole pole. Wenzangu nao wataziba ya kwao. Lakini mtu asiyaguse. Kwa ukavu huu na upepo huu, ukilifungua tanuri lenye moto ndani hakuna wa kulizima. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Sema tena."

"Hayataguswa, kaka."

Alirudi kituoni akiwa na moyo mzito, lakini angalau umetulia. Alipanga kumwambia mkurugenzi kwamba wachomaji wametoroka, na kwamba matanuri mabovu ya zamani, yaliyokwisha kupoa, yako upande wa kitalu. Hayo yabomolewe kwa ajili ya picha, na kila mtu aende zake.

Asubuhi mkurugenzi alikataa.

"Ya zamani hayatoi moshi," alisema. "Picha bila moshi inaonyesha nini? Rundo la udongo?" Alikwishatuma dereva wa kituo, mtu wa makamo waliyemwita Breki kwa vile hakupenda kuzitumia, akapeleleze bonde la nyuma. Breki alirudi na habari kwamba matanuri yapo, yanafuka kidogo, na watu hawapo.

"Wameambiwa na nani?" mkurugenzi aliuliza, akimtazama Komeo.

"Huku habari zina miguu," alisema Komeo.

Waliteremka bondeni, yeye, mkurugenzi, Breki na askari wachache wenye majembe na sururu. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa kiangazi unaokausha midomo. Majani makavu yalifika kwenye vifundo vya miguu. Komeo aliona tanuri la kaka yake, matundu yote yamezibwa kwa udongo mbichi uliopigwapigwa kwa mkono. Alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana.

"Bomoeni," alisema mkurugenzi.

Askari walimtazama Komeo.

"Mkurugenzi, haya yana moto ndani," alisema. "Tukiyafungua bila maji tutachoma mlima mzima. Tulete kwanza lori la maji."

"Lori la maji liko wapi?" mkurugenzi aliuliza.

Breki akakohoa. "Linamwagilia barabara, mzee. Ulisema wageni wasipate vumbi."

Mkurugenzi alitazama saa yake. Jasho lilikuwa limelowesha kola.

"Wageni wako njiani. Fungueni tanuri moja tu, mpige picha, mfukie. Ni udongo na mkaa, si bomu." Kisha akamsogelea Komeo, akapunguza sauti. "Najua aliyekuwa akikaa hapa ni nani wako. Usifikiri sijui. Nimekustahi. Sasa na wewe nistahi."

Komeo aliwaza mshahara, akawaza askari wake na watoto wao, akawaza kaka yake aliyeko mahali fulani mlimani akitazama chini. Aliona aibu kwamba kilichomtisha zaidi ni maneno yale, najua ni nani wako. Akawageukia askari na kutikisa kichwa kwamba ndiyo.

Sururu ya kwanza ilipenya kwa sauti ya kitu laini. Ya pili ikang'oa bamba la udongo. Kwa muda mfupi hakukutokea lolote isipokuwa moshi mzito wa njano, na mkurugenzi akainua simu yake kupiga picha. Kisha upepo ukaingia ndani ya tanuri. Kulisikika mvumo, kama pumzi ya mnyama mkubwa aliyeamshwa, na ulimi wa moto ukatoka ubavuni na kuangukia majani.

"Fukieni!" Breki alipiga kelele.

Walifukia. Walirusha udongo kwa majembe, kwa mikono, Breki akavua koti akalipiga chini mpaka likashika moto, akaungua kiganja. Lakini moto ulikwisha kupita katikati ya miguu yao na kushika kichaka, na kutoka kichakani ukapanda mteremko kuelekea barabarani. Upepo ulikuwa nyuma yake. Ng'ambo ya barabara, pale ambapo matawi ya miti ya huku na huku yalikutana juu kwa juu, kulikuwa na shule ya msingi na nyumba za watu.

Walikimbia kuuzunguka na kuutangulia. Komeo alikuwa akikohoa, macho yanamtoka machozi, huku akipiga simu kwa dereva wa lori la maji, ambaye hakupokea. Walipofika kituoni aliwakuta watu wamesimama mbele ya mlango wa ghala, wamefunikwa masizi, wanahema. Kaka yake alikuwa mbele. Nyuma yake walikuwa wachomaji wote wa bondeni, na wifi yake amejifunga kanga kiunoni.

Kaka alimtazama tu dada yake, na Komeo aliona ingekuwa heri kama angempiga kofi.

"Mashoka yetu," kaka alisema. "Mmeyafungia humo."

Ghala lilijaa mashoka, misumeno na mapanga waliyonyang'anywa wachomaji kwa miaka mingi. Mkurugenzi alifika akitweta, akasimama kati ya mlango na watu wale.

"Hivyo ni vielelezo vya kesi," alisema. "Havitoki. Na hawa ni watuhumiwa. Askari, wakamate."

Hakuna askari aliyesogea. Moshi ulikuwa umeanza kupita juu ya bati la kituo, na kutoka shuleni ilisikika kengele ikipigwa mfululizo.

Komeo akachomoa funguo. "Pisha, mkurugenzi."

"Ukifungua hapo unga wako umemwagika. Nakuambia mapema."

"Pisha."

Alifungua. Watu waliingia wakapokezana mashoka juu ya vichwa, askari na wachomaji bila kuchaguana. Kaka yake alipanda juu ya kisiki akapanga watu: hawa wafyeke, hawa waburute matawi, hawa waparue majani mpaka udongo uonekane. Walikata njia upande wa barabara, pana kadiri walivyoweza, ili moto ukifika ukose cha kula. Na kilichokuwa kimesimama upande wa barabara ni ile miti mizuri peke yake, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Komeo mwenyewe alishika shoka. Alikuwa hajawahi kuangusha mti hai maishani mwake. Wa kwanza ulipolia na kulala chini, alihisi kama amefanya jambo ambalo hataweza kumsimulia mtu, na akahamia wa pili.

Moto ulikuja ukiunguruma. Joto liliwasukuma nyuma, nyusi zikaungua. Wifi yake alikuwa akipiga cheche kwa tawi bichi, karibu mno, na Komeo akamkamata mkono akamvuta. Wakaanguka wote wawili mtaroni. "Niachie," wifi alisema, lakini hakuutoa mkono wake. Moto ulifika ukingoni mwa njia waliyofyeka, ukanyoosha ndimi kutafuta matawi ya kuvukia, ukakosa. Lori la maji lilifika hapo, dereva ameduwaa, akaelekezwa wapi pa kumwaga. Baadaye kidogo ulibaki moshi na mlio wa magogo yakipasuka.

Magari ya wageni yalikuwa yamesimama barabarani muda wote huo. Mkaguzi alikwisha kushuka. Alikuwa mwanamama wa nchi jirani, mwenye mvi zilizokatwa fupi, aliyezungumza lugha yao vizuri tu. Hakuwa akiutazama moto. Alikuwa akitazama upande ambako miti ya kando ya barabara ilikuwa imeangushwa, kwenye uwazi uliofunguka, na kupitia uwazi ule ilionekana milima yote ya nyuma, kilima baada ya kilima, myekundu na uchi.

"Poleni sana," alisema. "Kule nyuma kumeungua lini?"

Mkurugenzi alikuwa tayari kando yake. "Leo hii, mama. Ni hasara kubwa. Wachomaji mkaa hawa wameteketeza msitu wote. Kama unavyowaona, tumewakuta na mashoka mikononi."

Kaka yake Komeo alikuwa ameketi chini, shoka mapajani, amechoka hata kukasirika.

Mkaguzi akamgeukia Komeo. "Wewe ndiye mkuu wa kituo?"

"Ndimi."

"Ni kweli?"

Komeo alifuta uso kwa kiwiko. Aliwaona askari wake wakimtazama, na katika macho yao aliona wanamwomba anyamaze. Mishahara yao ilikuwa mikononi mwa mama huyu.

"Kule hakukuungua leo," alisema. "Kulikwisha kabla. Gesi ilipopanda, mji mzima ukaja kupikia msitu huu. Hawa walichoma mkaa, ni kweli, na huyu ni kaka yangu. Lakini waliobeba walibeba kwa malori, wakapita kwenye kizuizi changu. Nilikuwa napigiwa simu, nafungua. Moto wa leo tumeuwasha sisi, kwa kubomoa tanuri, ili wewe upate kuona moshi."

"Nani alikuwa akipiga simu?"

Akamtaja, na akataja cheo chake. Mkurugenzi alitazama ardhi. Breki, akiwa ameshika mkono wake ulioungua, alisema taratibu, "Basi tena."

Mambo hayakuwa kama hadithi za redioni. Kaka yake alikamatwa mchana ule ule, na shoka likawa ushahidi. Komeo alisimama mahakamani akaeleza nani aliyeokoa shule, na hakimu alisikiliza kwa adabu, kisha akampa kaka yake kifungo, kwa kuwa sheria ilimjua mchomaji na haikumjua mpiga simu. Mfuko ulisimamisha malipo. Askari wawili waliachishwa kazi, na wake zao waliacha kumwamkia Komeo sokoni. Yeye mwenyewe alivuliwa ukuu akapelekwa kituo kingine, kwenye geti dogo la barabara ya vumbi. Mbunge alishinda uchaguzi kwa kishindo.

Lakini uchaguzi ulipokwisha, serikali iliuhitaji mfuko kuliko ilivyomhitaji mbunge. Mazungumzo yalikuwa ya huko huko juu, kwenye vyumba ambavyo Komeo hakuvijua, na yaliyotoka ndiyo aliyoyasikia kama kila mtu: malipo yatarudi iwapo jiji litapunguza mkaa. Ruzuku ya gesi ikarudishwa, kwa mitungi midogo. Hapakuwa na aliyetoa hotuba kuhusu miti. Akina mama walijaza mitungi, bei ya mkaa ikaanguka, na malori yakakosa sababu ya kupanda mlimani. Kile ambacho kizuizi, bunduki na mashoka yaliyofungiwa havikuweza kukifanya kilifanywa na bei. Nyuma ya barabara ile machipukizi yakaanza kutoka kwenye visiki, mabichi, yanafika gotini.

Kaka yake alitoka gerezani amekonda, ndevu zina mvi. Wifi ndiye aliyemleta mpaka chumbani kwa Komeo, kwenye kile kituo kipya, bila kutangulia kutoa habari. Walikaa watatu kwenye mkeka, wakala. Kaka alisema amepata mtu wa kumwazima karakana iwapo umeme utatulia. Wifi akasema kitaluni wanatafuta watu wa kupandikiza miche, malipo kiduchu. Walizungumza kwa tahadhari, kama watu wanaopita juu ya sakafu wasiyoijua. Kisha kaka akaanza kusimulia habari za mpishi wa gerezani aliyekuwa akiomba radhi kila anapogawa chakula, na wifi akacheka kwanza, halafu Komeo naye akacheka mpaka akapaliwa.

Redio ilikuwa imewashwa dirishani kwa sauti ndogo. Mtangazaji alikuwa akisoma habari za uchumi: sarafu imeteleza tena, wakopeshaji wamekutana na waziri, na ruzuku zote, ya gesi ikiwemo, zitaangaliwa upya kabla ya mwisho wa mwaka.

Kaka aliacha kutafuna. Wifi alinyoosha mkono, akaongeza sauti.